Pasaka Nilibatizwa, Jumatano Nikamtukana Konda: Namna ya Kuuishi Ubatizo Siku za Kazi

Nilibatizwa usiku wa Mkesha wa Pasaka nikiwa na miaka 23, baada ya karibu miaka miwili ya ukatekumeni, yaani mafundisho ya kujiandaa kwa ubatizo. Nilivaa shati jeupe la kuazima, nikashika mshumaa, nikaitwa kwa jina jipya, na shangazi yangu akapiga vigelegele mpaka padri akashindwa kuzuia tabasamu. Jumatano iliyofuata, stendi ya Msamvu pale Morogoro, konda alinirudishia chenji pungufu ya shilingi 500. Niliyomwambia siwezi kuyaandika hapa. Mama mmoja aliyekaa siti ya mbele aligeuka, akaitazama rozari iliyoning'inia shingoni mwangu, akaguna. Kile kiguno kiliniuma kuliko ile mia tano.

Siku hizi mimi ni katekista, na kila mwaka, wiki mbili tatu baada ya Pasaka, lazima atokee mmoja wa darasa langu anifuate pembeni baada ya misa: "Mwalimu, mbona mimi sijabadilika?" Nayaandika hapa yale ninayomwambia juu ya kujitawala, au "kiasi" kama Biblia inavyokuita. Hayahusu maandalizi ya ubatizo. Hayo utayapata kwenye mafundisho kanisani kwako. Yanamhusu aliyekwisha kutoka majini, awe alibatizwa mwezi uliopita au alibatizwa akiwa mchanga mgongoni kwa bibi yake. Nasema kwa lugha ya Kikatoliki kwa sababu ndiko niliko. Kama wewe ni Mlutheri, Mwanglikana, Mmoravian, Msabato au Mpentekoste, badilisha majina ya vitu, kazi ni ileile.

Hatua ya 1: Jua kipi kilitangulia

Fungua Injili ya Mathayo mwishoni mwa sura ya 3, usome kuingia sura ya 4 bila kusimama. Yesu anapanda kutoka majini, na sauti inasema, "Huyu ni Mwanangu, mpendwa wangu, ninayependezwa naye." Mpaka hapo Mathayo hajatusimulia mahubiri yake hata moja, wala mgonjwa aliyeponywa, wala siku ya kufunga. Jina limekuja kwanza. Baada ya jina ndipo linakuja jangwa, siku 40 na njaa, na neno la kwanza la mjaribu ni hili: "Ukiwa ndiwe Mwana wa Mungu." Mkate aliutaja baadaye. Kwanza aligusa jina, maana anajua jina likilegea, mkate utafuata wenyewe.

Wengi wa wanafunzi wangu wanakuja na mpangilio uliopinduliwa. Wanadhani kujizuia ni nauli: ukilipa unapanda, ukikosa unashushwa njiani. Mtu anayejitawala kwa hofu hiyo anaishi kama kibarua anayesubiri kufukuzwa, na kibarua mwenye hofu ndiye anayeficha makosa. Mtoto wa nyumbani yuko tofauti. Akivunja sahani atagombezwa, ataokota vigae, pengine atakatwa hela ya soda, lakini jioni atakula ugali pale pale na ndugu zake.

Na hili neno "kiasi" tulitazame kidogo. Paulo, katika Wagalatia 5, anataja tunda la Roho (tunda moja, si matunda) na la mwisho kwenye orodha yake ni kiasi. Kigiriki chake ni enkrateia, neno lenye nguvu ndani yake, nguvu ya kushika kitu kisikuponyoke. Waliotafsiri kwa Kiswahili wakachagua kiasi, neno la jikoni, na mimi nalipenda zaidi kila mwaka unaopita. Mpishi haichukii chumvi. Anajua kiasi chake. Kwa hiyo ukisikia mtu anafundisha kwamba Mkristo mwenye kiasi ni yule asiyetaka chakula kizuri, asiyecheka, asiye na hamu ya mwenzi wake wa ndoa, huyo anafundisha kitu kingine.

Kazi ya hatua hii ni ndogo: chukua kipande cha karatasi, andika jina lako la ubatizo, na chini yake maneno "mwana mpendwa" au "binti mpendwa". Kikunje, kiweke ndani ya kava la simu. Utacheka. Wote hucheka.

Hatua ya 2: Itafute tarehe yako

Tarehe ya kuzaliwa tunaijua, ya harusi tunaijua, hata tarehe ya dabi ya Simba na Yanga tunaijua miezi miwili kabla. Ya ubatizo, wengi hatuijui.

Anza na cheti. Kama kimepotea, nenda parokia ulikobatizwa, siyo unakosali sasa, ukiwa na majina yako kamili, majina ya wazazi, jina la msimamizi na mwaka, hata wa kukadiria. Kitabu cha ubatizo hupangwa kwa namba, na pembeni ya jina lako huongezwa kipaimara, ndoa, au upadri kama umefika huko. Ndiyo sababu ukitaka kufunga ndoa unaambiwa ulete cheti kilichotolewa karibuni: wanataka kuona pembeni pameandikwa nini.

Ukifika, omba ukione hicho kitabu chenyewe kama katibu wa parokia ana moyo mzuri siku hiyo. Nilipouona mstari wangu, wino wa bluu, mwandiko wa mtu mwenye haraka, kitu kimoja kilinigonga. Pembeni pana nafasi ya kipaimara na ndoa. Nafasi ya kuandika niliyoyafanya Msamvu haipo.

Hapa niseme kidogo juu ya wanaotaka kubatizwa tena. Kwetu ubatizo hautolewi mara mbili. Kila Dominika tunakiri "ubatizo mmoja kwa maondoleo ya dhambi". Yako makanisa yanayoona ubatizo wa mtoto mchanga tofauti na sisi, na mjadala huo ni mrefu kuliko nafasi niliyo nayo. Lakini kama sababu yako ni kwamba umeanguka tena na unaona maji ya kwanza hayakushika, basi ya pili nayo utayalalamikia. Ruka uende hatua ya 7.

Hatua ya 3: Kataa kwa saa, mahali na watu

"Je, mnamkataa shetani? Na mambo yake yote? Na fahari zake zote?" Ndivyo tunavyoulizwa kwenye ubatizo, nasi tunajibu kwa pamoja, kwa sauti, na kwa haraka, kama darasa la kwanza linaloitikia mwalimu. Kule Yerusalemu karne ya 4, Askofu Sirili alipowaeleza wabatizwa wapya walichokifanya, aliwakumbusha kwamba walisimamishwa wakielekea magharibi, upande jua linakozama, wakanyoosha mkono, wakamwambia shetani kana kwamba amesimama mbele yao: nakukataa wewe. Kisha wakageuzwa kuelekea mashariki kuungama imani.

Angalia vitu viwili hapo. Mwili ulishiriki, na neno lilikuwa "wewe". Siyo "tunakataa uovu kwa ujumla".

Sasa chukua daftari na uandike mambo 3 tu unayoyakataa. Kila moja liwe na saa, mahali na watu. Ukiandika "nakataa hasira" hujaandika kitu. Hasira hiyo haina anwani. Nitakupa mifano ya darasani kwangu, bila majina. Fundi seremala aliandika: "Jumamosi saa 7 mchana, nikishalipwa, kabla sijafika nyumbani, pale kijiweni, mkeka wa kubeti wa elfu tano." Mama wa genge: "Alfajiri sokoni tukisubiri mzigo, wanapoanza kumsema mke wa fulani, na mimi naongeza chumvi." Mwanafunzi wa chuo: "Saa 5 usiku, taa imezimwa, mwenzangu amelala, simu mkononi." Mimi niliandika: "Stendi, nimechelewa, sijala tangu asubuhi."

Hilo la kutokula lilinichukua muda kuligundua. Kila nilipolipuka, nilikuwa na njaa au usingizi. Esau naye, ukisoma Mwanzo 25, alitoka porini amechoka, akauza haki yake ya mzaliwa wa kwanza kwa mkate na mchuzi wa dengu. Aliuza jina lake kwa bakuli. Siku hizi nikienda stendi nanunua kwanza andazi.

Hatua ya 4: Maji ya asubuhi

Kabla hujaangalia simu, osha uso. Kwa mkono uleule wenye maji, jitie ishara ya msalaba: kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Ndiyo maneno yaleyale uliyobatizwa nayo. Taja jina lako. Kisha taja moja kati ya mambo matatu ya daftarini, lile linaloelekea kukukuta leo. Kama leo ni Jumamosi na wewe ni yule seremala, unajua litakuwa lipi. Dakika moja, mbili zikizidi.

Maji ya baraka mlangoni mwa kanisa yamewekwa kwa kazi hiyohiyo, ingawa wengi wetu tunachovya kidole kama anayepima uji umepoa au bado. Majirani zetu Walutheri wanalo jambo ambalo nimeliazima bila aibu. Katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, Luther anafundisha kwamba maana ya ubatizo wa maji ni Adamu wa kale aliye ndani yetu azamishwe kila siku kwa majuto na toba, na mtu mpya afufuke kila siku. Kila siku, anasema. Mimi nilidhani wangu alizama usiku ule wa Mkesha na hataonekana tena. Kumbe alitangulia kunisubiri Msamvu.

Maji yakikatika, kikombe kinatosha. Didake, andiko la Wakristo wa kale sana, liliruhusu hata ubatizo wenyewe kufanywa kwa kumimina maji kichwani mara tatu pale maji mengi yasipopatikana.

Hatua ya 5: Jenga uzio kabla ya saa yenyewe

Mithali 25:28 inamfananisha asiyeitawala roho yake na mji uliobomolewa, usio na kuta. Ukuta haujengwi adui akiwa langoni. Ukisubiri mpaka pesa iko mkononi na kijiwe kinakuita ndipo uanze kupigana, umechelewa, na kusali sana dakika ile hakutaziba uzembe wa asubuhi.

*Pesa na kubeti.* Hapa nakaa kidogo, kwa sababu kwa vijana wangu ndipo penye kidonda. Yule seremala tulifanya naye hivi. Tulimwomba bosi wake amlipe kwa simu badala ya kumpa taslimu, na laini inayopokea ikawa ya mke wake. Mke hakuwa amejua ukubwa wa jambo, na jioni ile ya kumwambia ilikuwa ngumu kuliko hatua nyingine zote. Programu ya kubeti ikafutwa kwenye simu, na akaomba akaunti yake ifungwe. Njia ya kurudi nyumbani ikabadilishwa, isipite kijiweni. Kila Jumamosi elfu tano ileile ikaingia kwenye kikundi chao cha kuweka na kukopa, mbele ya macho ya watu. Alianguka mara mbili mwaka ule. Mkopo wa "kausha damu", ule wa riba kubwa, aliokuwa ameuchukua kufidia mikeka alichukua miezi kuulipa, na hatukuuombea upotee kimiujiza. Tulikaa na kalamu tukapanga atalipa nini lini. Kama una deni la namna hiyo, acha kukopa hapa ili ulipe pale. Mwambie mtu mmoja mwenye akili ya hesabu jumla yake kamili, bila kupunguza hata shilingi.

*Ulimi na hasira.* Ukuta wangu una matofali matatu. Kwanza, sijibu ujumbe wa kuudhi siku hiyohiyo. Kwenye kundi la WhatsApp la ukoo nimejiwekea sheria kwamba jibu langu litatoka kesho baada ya chai. Pili, nikihisi masikio yanapata moto, najishughulisha na mikono: nashika begi, nafunga kamba za viatu, chochote cha kunipa pumzi tatu. Tatu, nina sentensi moja niliyoiandaa nikiwa mtulivu: "Ndugu yangu, naomba tuangalie tena hesabu." Sentensi iliyoandaliwa nyumbani husaidia, kwa sababu mtu aliyekasirika hawezi kutunga Kiswahili kizuri. Anatoa kilichopo karibu, na kilichopo karibu ni tusi.

*Simu ya usiku.* Ilale sebuleni. Nunua saa ya mezani ya kengele. Sina la kuongeza.

*Pombe na dawa za kulevya.* Mtu asiyeshikwa na kilevi anaweza kuacha kwa uamuzi na uzio. Lakini kama unakunywa kila siku, na asubuhi mikono inatetemeka mpaka uonje kidogo, usikate ghafla peke yako kwa sababu umebatizwa. Mwili uliozoea pombe nyingi ukinyimwa ghafla unaweza kupata degedege na hata kufa. Nenda hospitali, waeleze ukweli, uache ukiwa chini ya uangalizi. Kwa wanaotumia heroini, Muhimbili walianza kutoa tiba ya methadoni mwaka 2011, na tiba hiyo imeenea mikoa mingine tangu hapo. Kwenda kupanga foleni pale asubuhi kunywa dawa ni kiasi pia. Nimewahi kumsindikiza mtu, na sijaona sala iliyo nzito kuliko ile foleni.

Na jambo moja nisilolifumbia macho, kwa sababu nimesikia linafundishwa vibaya: kiasi siyo kuvumilia kipigo. Mwanamke anayepigwa ndani haambiwi ajitawale zaidi. Anayepaswa kujitawala ni anayepiga, na anayepigwa aende mahali salama, kwa ndugu au kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la polisi.

Hatua ya 6: Funga kidogo, kwa utaratibu

Wakristo wa Didake walifunga Jumatano na Ijumaa, na anayebatizwa alitangulia kufunga siku moja au mbili. Kufunga ni mazoezi ya neno dogo, "bado". Tumbo linasema sasa, wewe unasema bado, na dunia haianguki. Ukishaweza kuliambia hivyo tumbo, unaweza kuliambia na jicho.

Chagua mlo mmoja kwa wiki. Hela ya mlo huo mpe mwenye njaa wiki hiyohiyo, isikae mfukoni ikageuka bando. Mjamzito, anayenyonyesha, mwenye kisukari, anayemeza dawa za kifua kikuu au ARV, azungumze kwanza na daktari. Anaweza kufunga kitu kingine, kama redio au umbea. Na usitangaze.

Hatua ya 7: Ukianguka, rudi siku hiyohiyo

Hapa ndipo watu wanapoachia kamba. Wameanguka Jumanne, wanasubiri Jumapili, kisha wanasubiri Kwaresima, na katikati yake wanasema: kwa kuwa nimekwisha kuharibu, acha nimalizie.

Agostino wa Hippo, Mwafrika wa Thagaste, mji ulio katika Aljeria ya leo, anakiri kwamba ujanani alimwomba Mungu usafi wa moyo huku akiongeza kwamba usije upesi. Alibatizwa na Askofu Ambrosi mjini Milano usiku wa Pasaka mwaka 387, akiwa na miaka 32. Tunaishia hapo tukisimulia, kana kwamba filamu imekwisha. Lakini miaka kumi hivi baadaye, akiwa tayari askofu, alikaa akaandika Maungamo yake, na humo anakubali bila kujificha kwamba chakula bado kinamzidi ujanja, na kwamba akisifiwa bado anaona utamu. Askofu! Anamwambia Mungu: toa unachoamuru, kisha amuru unachotaka. Nikiwasomea wanafunzi sehemu hiyo, mabega yao hushuka, kama mtu aliyetua ndoo.

Unaporudi, fanya haya. Litaje kosa kwa jina lake, peke yako kwanza: "nimeiba", siyo "nilipitiwa". Kama una padri, nenda kitubio. Kama kanisa lako lina utaratibu wa kuungama kwa mchungaji au mzee wa kanisa, utumie. Ndugu zetu walokole, wale wa uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, walijenga ushirika mzima juu ya kuungama hadharani na kuishi nuruni, na kuna afya humo. Ila nimeona pia madhara: mtu anasimama mbele ya watu 60 kuungama uzinzi, na katikati ya ushuhuda anamtaja mwanamke ambaye hakuombwa ruhusa. Ungama la kwako. La mwenzio liache kwake.

Kisha rudisha. Zakayo alisema atarudisha mara nne. Kama ulichukua hela, hela irudi. Kama ulichukua jina la mtu, nenda kwa wale uliowaambia ukawaambie umekosea. Mimi Ijumaa ile nilirudi Msamvu kumtafuta konda wangu. Sikumpata. Niliwakuta wenzake wanakunywa chai, nikawaeleza nimekuja kuomba msamaha kwa tusi la Jumatano. Walicheka mpaka mmoja akamwaga chai yake. "Mzee, hapa tukianza kuombana msamaha gari halitoki." Lakini mmoja, mkubwa wao, alisema atamfikishia. Sijui kama alimfikishia. Wala sikuidai ile mia tano.

Usijiadhibu. Hili nalisema hasa kwa wasichana wa darasa langu, ambao hufunga siku tatu kavu kwa kosa ambalo kijana wa kiume analicheka. Maji ya asubuhi kesho yake ni yaleyale, maneno ni yaleyale, jina ni lilelile.

Hatua ya 8: Tafuta mtu wa kukuuliza

Msimamizi wa ubatizo amegeuka kuwa mtu wa keki na zawadi. Siku hizi ubatizo wa mtoto una kamati, una sare, una MC. Baba wa ubatizo anachaguliwa kwa gari alilo nalo. Kama wako alichaguliwa hivyo, mheshimu, mwamkie, halafu tafuta mwingine wa kazi hii. Awe wa jinsia yako, awe amekuzidi kidogo katika mwendo, asiwe anakudai hela. Mpe ruhusa ya kukuuliza swali moja kila wiki, siku na saa inayojulikana. Wangu hunipigia Alhamisi usiku: "Ya daftarini yanaendaje?" Dakika tano tu. Wiki ninazoona simu yake nikasita kupokea, ndizo wiki zenye mambo.

Kazi hiyo ina historia kwetu Afrika Mashariki. Karoli Lwanga alikuwa kiongozi wa vijana waliohudumu katika ikulu ya Kabaka Mwanga wa Buganda, na aliwakinga wasitumiwe kwa tamaa za mfalme. Yeye mwenyewe alikuwa amebatizwa Novemba 1885 tu. Mwishoni mwa Mei 1886, pale Munyonyo, walipojua kinachokuja, aliwabatiza usiku wenzake waliokuwa bado wakatekumeni, akiwemo Kizito, kijana wa miaka kama 14 aliyekuwa ameomba ubatizo kwa muda mrefu. Siku chache baadaye wakatembezwa hadi Namugongo, na tarehe 3 Juni wakachomwa moto. Aliyewabatiza alikuwa mkubwa wao wa kila siku, aliyejua nani analala wapi na nani anaitwa saa ngapi.

Padri anapombatiza mtoto mchanga humpaka Krisma, mafuta matakatifu, utosini, akimwombea ashiriki ukuhani, unabii na ufalme wa Kristo. Ambrosi, yuleyule wa Milano, aliandika kwamba anayeutiisha mwili wake na kuitawala roho yake anastahili kuitwa mfalme. Wazazi wakisikia "mfalme" huwa wanamtazama mtoto kwa fahari, na mimi pembeni huwa nawaza kuhusu stendi.

Hatua ya 9: Siku ya mwaka

Ile tarehe ya hatua ya 2 iweke kwenye simu, ijirudie kila mwaka. Ikifika, nenda misa kama ipo, mpigie msimamizi wako hata kama ni yule wa keki, fungua daftari ulitazame. Mara nyingi utakuta jambo moja kati ya yale matatu limepoa na jingine limekaa mahali pake, andika upya. Jioni, mle pamoja kitu kizuri kuliko siku nyingine, na uwashe mshumaa wako wa ubatizo huku mkisali Nasadiki.

Kama haupo tena, wa dukani unafaa. Wangu uliishia kwenye mgao wa umeme, mwaka wa pili tu baada ya Pasaka ile. Mama alikuwa anasonga ugali, giza likaingia, akaunyakua kabatini bila kuuliza.